Ngozi Tano za Chrispin

"Umesikia?" Anastazia aliuliza kabla hata hajatua ndoo kichwani. "Serikali inalipa watu ng'ombe waliokufa."

Asnath alikuwa amekaa mlangoni pa jiko lake, mtoto kifuani, mkono mmoja ukichambua majani ya mlenda. Alidhani jirani yake anatania.

"Inamlipa nani? Ng'ombe?"

"Acha mzaha, Mama Shukuru. Inawalipa wenyewe. Nimesikia mashineni, kila mtu anaongea hayo hayo. Wanaita kifuta machozi. Unaonyesha ng'ombe wako aliyekufa, unapewa noti."

"Utamwonyesha vipi naye kafa tangu mwezi wa tisa?"

"Hapo sasa! Wengine wanasema upeleke kwato, wengine kichwa. Mume wangu ameshaingia porini kutafuta vichwa." Anastazia alitua ndoo, akacheka huku akijishika kiuno. "Atarudi na kichwa cha punda yule. Namjua."

Asnath alicheka naye, lakini mawazo yake yalikuwa yameshavuka uzio. Alimfikiria Mzee Nathanaeli. Kama maneno ya mashineni yalikuwa na ukweli hata nusu, basi mzee yule angeweza kupata tena ng'ombe mmoja. Mmoja tu. Zaidi ya huyo hakuwa na mwingine wa kulilia, maana wengine wote waliokufa mikononi mwake walikuwa wa watu.

Huko Mgori ng'ombe unaowakuta zizini kwa mtu si lazima wawe wake. Mwenye mali hawaweki ng'ombe wake wote mahali pamoja. Humkabidhi huyu wawili, yule watatu, mwingine wanne, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usiwafagie wote. Anayekabidhiwa hukamua maziwa, hupata samadi ya shamba lake, na akitunza vizuri kwa miaka, mwenye mali humpa ndama wa ahsante. Lakini ng'ombe akifa, mfugaji hana la kusema mpaka apeleke ngozi kwa mwenyewe. Ngozi ikifika, watu hupeana pole na kunywa uji. Isipofika, umemla huyo, au umemuuza mnadani, na hata ukilia machozi ya damu hakuna atakayekukabidhi tena hata mbuzi.

Nathanaeli alianza kukabidhiwa akiwa kijana asiye na kitu. Baba yake alikuwa hana hata kuku wa kumrithisha. Mzee mmoja mwenye mifugo, baba yake Chrispin, alimwona anavyochunga mbuzi wa wengine bila kupoteza hata mmoja, akamwambia, "Chukua hawa wawili, tuone." Tangu hapo miaka thelathini na mitano ilipita. Ndama wa kwanza wa ahsante alimtoa mahari kumwoa Lea. Wa pili aliuzwa Lea alipougua, na hakumponya. Wa tatu alimzaa Chausiku, ng'ombe jike mwekundu aliyezaliwa usiku wa mvua, mwenye kovu la chuma cha moto kwenye bega la kushoto, pale Nathanaeli alipomchoma mwenyewe kutibu jipu alipokuwa ndama. Huyo ndiye alikuwa mali yake yote. Binti zake wawili walikuwa wameolewa mbali, mmoja Sepuka, mwingine alikojua yeye na mumewe.

Asnath aliolewa kijijini hapo wakati Lea yu hai bado. Mumewe, Peniel, alikuwa Itigi kwenye machimbo ya jasi, akirudi mara moja kwa miezi mitatu. Shukuru alipokuwa na miezi miwili, malaria ilimlaza Asnath wiki nzima, na alipoinuka maziwa yalikuwa yamekatika. Asubuhi ya pili yake alisikia mtu anakohoa nje ya uzio. Nathanaeli hakuwa mtu wa kuingia kwenye mji wa mwanamke ambaye mumewe hayupo. Alisimama pale pale, kikombe cha bati mkononi kimefunikwa kwa jani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Hii ni ya mtoto. Chemsha kwanza."

"Na ndama wa Chausiku je?"

"Ndama nimezungumza naye. Amekubali."

Alileta kikombe kile kila asubuhi, miezi minne, mpaka maziwa ya Asnath yakarudi na mtoto akaanza uji.

Halafu ukaja ule ukame. Mvua zilikatika mwezi wa pili, na kufika wa nane malisho yalikuwa yamekwisha hata kandokando ya msitu. Josho la kijiji lilikuwa halina dawa tangu ilipotangazwa kwamba kila mfugaji ajinunulie mwenyewe, kwa hiyo ng'ombe walikuwa wamedhoofika kwa kupe kabla njaa haijawafikia. Wachuuzi wa ngozi walizunguka na baiskeli kutwa, wakinunua ngozi kwa bei ya pakiti ya chumvi, na watu waliuza. Nathanaeli hakuuza. Kila ng'ombe aliyeanguka alimchuna, akaikausha ngozi, akaibeba kichwani mpaka kwa mwenyewe, hata kama mwenyewe yuko safari ya siku nzima.

Chrispin, mtoto wa yule mzee wa kwanza, alikuwa na ng'ombe watano kwa Nathanaeli. Yeye alikuwa ameshahamia mjini, akiendesha duka Unyambwa tangu biashara ziliporuhusiwa kwa kila mtu. Wanne walikufa na ngozi zao zikafika. Wa tano, jike mwekundu, aliingia msituni kutafuta majani akapotea. Nathanaeli alimtafuta siku tatu kwa miguu. Siku ya nne alikuta fisi wamemaliza kila kitu. Alirudi na ukwato mmoja mfukoni.

Wiki hiyo hiyo Chausiku alianguka na ndama wake akamfuata.

Asnath ndiye aliyemsaidia kumchuna. Alishika mguu, mzee akapitisha kisu taratibu, akizungumza na ng'ombe yule kwa Kinyaturu kama mtu anayemvua mgonjwa nguo. Ngozi ilipokauka, aliikunja akaifunga kwa kamba ya katani.

"Unaihifadhi ndani, babu?"

"Naipeleka Unyambwa. Kwa Chrispin."

Asnath alidhani hakusikia vizuri. "Lakini hii ni ya Chausiku."

"Yule wake pia alikuwa mwekundu." Nathanaeli hakumtazama. "Mwanangu, sina ngozi ya ng'ombe wake. Nikimwambia fisi, kila mwizi wa ng'ombe anasema fisi. Baba yake alinipa wawili nikiwa sina shati."

"Si atakuamini? Miaka yote hiyo?"

"Atasema ananiamini. Atakaa, atafikiri kidogo, ndipo ataanza kuwatilia shaka na wale wanne." Alijitwisha mzigo ule, akarekebisha shingo. "Chausiku amekwisha kufa. Ngozi yake haimrudishi. Bora inisaidie."

Ndiyo maana Anastazia alipoleta habari za kifuta machozi, Asnath alicheka kwa mdomo tu.

Maneno ya mashineni yalithibitishwa Jumapili. Mtendaji wa kijiji alisimama mbele ya watu akasoma karatasi. Bwana mifugo atakuja kutoka wilayani. Kila aliyefiwa na ng'ombe aje na ngozi. Kila ngozi itapigwa rangi ili isiletwe mara mbili, na jina la aliyeileta litaandikwa. Kwa kila ngozi serikali itatoa elfu thelathini.

Watu waliguna. Elfu thelathini, ukiongeza kuku watatu na gunia la mtama, ilikuwa mtamba mdogo mnadani.

Jioni Asnath alikwenda kusimama penye uzio wa Nathanaeli.

"Babu, nenda Unyambwa. Mwambie Chrispin ukweli, akupe ngozi ile."

"Nimwambie nilimletea ngozi ya uongo?"

"Umwambie uliogopa."

"Ni yale yale." Mzee alikuwa anasuka kamba, vidole vikienda vyenyewe. "Nitampelekea bwana mifugo pembe za Chausiku. Kijiji kizima kinamjua ng'ombe yule. Atauliza, ataambiwa." Akaongeza kwa sauti ya chini, kama anayeona haya, "Nimeshaangalia mtamba mmoja mnadani. Si mzuri sana. Ana macho mazuri."

Siku ya kuandikishwa ilikuwa na mvua. Mvua zile ambazo redio ilikuwa inaziita Elinino zilikuwa zimeanza, na baada ya mwaka mzima wa vumbi sasa watu walikanyaga matope mpaka kwenye vifundo. Ofisi ya kijiji ilinuka ngozi mbichi kiasi kwamba bwana mifugo alifunga leso puani. Mtendaji alimwita Asnath akae mezani aandike, kwa sababu alimaliza darasa la saba na mwandiko wake ulikuwa unasomeka. Alikaa, Shukuru mgongoni amelala.

Kulikuwa na vituko. Waliouza ngozi kwa wachuuzi walikuwa wamezikimbilia mpaka mjini na kuzinunua tena kwa bei mara tano.

"Hii nini?" bwana mifugo alimwuliza mume wa Anastazia.

"Ndama, bwana mkubwa."

"Ndama ana ndevu?"

Watu walipasuka kucheka. "Mbuzi huyo!" mmoja alipiga kelele kutoka dirishani. "Mpe kifuta ndevu!"

"Nilimwambia," Anastazia alisema kwa sauti, mikono kichwani, "nilimwambia huyu mwanamume, na bado kaja kunivua nguo mbele za watu!"

Zamu ya Nathanaeli ilipofika, kicheko kilipungua chenyewe. Alikuwa amevaa koti la harusi yake. Aliweka mezani pembe mbili, zimepakwa mafuta.

"Ngozi iko wapi, mzee?"

"Sina. Nina pembe. Ng'ombe huyu aliitwa Chausiku. Uliza yeyote."

"Kweli, tunamjua," sauti mbili tatu zilisema.

Bwana mifugo hakuwa mtu mbaya. Alizigeuza pembe zile mkononi. "Mzee wangu, pembe haina mwenyewe. Nikikubali hizi, kesho kijiji kizima kitaniletea pembe za tangu vita vya Amini. Ngozi uliipeleka wapi? Uliuza?"

Nathanaeli alifungua mdomo. Asnath aliinua kalamu kwenye karatasi.

"Iliharibika," mzee alisema.

"Basi kaa pale pembeni. Tukimaliza nitaongea na mtendaji, tuone."

Hakukaa dakika kumi. Gari dogo lenye mabomba ya chuma nyuma lilisimama nje, na Chrispin akashuka, mtu mnene mchangamfu, akisalimia huku na huku. Aliwaamkia wazee wote, akamwamkia Nathanaeli kwa mikono miwili. Kisha akaingiza ngozi zake, moja moja, akizitandaza sakafuni.

Ya tano ilipotandazwa, Asnath aliliona kovu. Bega la kushoto, duara la ukubwa wa shilingi tano, nywele hazikuota hapo tena. Alilijua kwa mikono yake. Alikuwa ameshika mguu.

"Huyu mzee mnamwona?" Chrispin alikuwa anawaambia watu, mkono begani kwa Nathanaeli. "Baba yangu aliniambia kabla hajafa, hata ukiwa huna pa kuweka roho yako, mkabidhi Nathanaeli. Ng'ombe watano, ngozi tano. Wenzangu mjini wanaambiwa fisi, fisi, fisi. Mimi sijawahi kuambiwa fisi!"

Watu walipiga makofi. Mtendaji alitikisa kichwa kwa sifa. Bwana mifugo alichovya brashi kwenye kopo la rangi ya buluu.

"Andika, mama. Chrispin. Ngapi?"

Asnath hakuandika. Alimtazama Nathanaeli. Mzee alikuwa amesimama wima chini ya mkono ule mzito, macho yake kwenye ngozi ya Chausiku, na brashi ilikuwa inashuka. Alichohitaji ni maneno matatu tu. Hiyo ni yangu. Na baada ya maneno matatu hayo, ingebidi yaje mengine.

Mzee aliinua macho, yakakutana na ya Asnath. Akatikisa kichwa kidogo sana, mara moja.

"Mama, ngapi?"

"Tano," Asnath alisema, na akaandika tano.

Walipomaliza, bwana mifugo alikuwa na haraka ya kuvuka korongo kabla halijajaa. Ile habari ya kuongea na mtendaji haikukumbukwa na mtu. Nathanaeli alichukua pembe zake, akaziweka chini ya koti zisilowe.

Kwa siku kadhaa baadaye Asnath alijiona kama mtu aliyeiba. Alimwambia mzee kwamba anaweza kuandika barua wilayani, yeye ndiye shahidi, alishika mguu. Nathanaeli alisema, "Ngoja." Na Asnath alielewa alichokuwa anangoja. Chrispin angelipwa laki na hamsini. Mtu aliyepata fedha ya ng'ombe hununua ng'ombe, na mtu aliyesifiwa vile mbele ya kijiji ndiye atakayekabidhiwa. Kukabidhiwa hata wawili kungetosha. Ndama wa ahsante angekuja baadaye, miaka mitatu, minne. Nathanaeli alianza hata kukata miti ya kuongezea uzio, mvua ikimnyeshea mgongoni. Asnath alimwona akiinama na kuinuka, akahesabu umri wake kwa kichwa, akaacha.

Ajabu ni kwamba fedha zilikuja kweli, na zilikuja upesi, wiki ya pili baada ya Mwaka Mpya. Walioandikishwa walipanga foleni, wakatia dole gumba, wakaondoka wakikunja noti. Chrispin naye alikuja. Alipotoka ofisini alipitia kwa Nathanaeli, na kwa kuwa mzee hakuwa na mtu wa kupika, Asnath ndiye aliyepeleka uji.

"Mzee wangu," Chrispin alisema, akipuliza kikombe, "mimi na ng'ombe basi. Nimekoma. Dawa za kununua, chanjo za kununua, jua likiwaka wanakwisha wote. Hizi fedha naongezea ile mashine ya kukoboa niliyokuwa naitafuta. Mashine haili majani."

Nathanaeli alikuwa amekaa kwenye kigoda. Asnath, aliyesimama mlangoni, aliona mkono wake ukisugua goti.

"Ni vizuri," mzee alisema. "Mashine ni vizuri."

"Sijakusahau lakini. Haiwezekani." Chrispin alitoa kwenye mfuko wa plastiki blanketi jipya lenye maua, kilo mbili za sukari na kandambili. Aliviweka mapajani pa mzee kimoja kimoja, kwa furaha ya kweli. "Mtu mwaminifu kama wewe hapatikani siku hizi."

"Ahsante sana, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Gari lilipoondoka, Nathanaeli aliendelea kukaa na vitu vile mapajani. Asnath aliweka bakuli chini.

"Babu, leo hii naandika. Nitaandika kila kitu, kovu na kila kitu. Kama ni aibu, tutaigawana."

"Ukiandika, watamrudia yule. Atadaiwa fedha ya serikali kwa kosa langu. Hajanikosea neno." Alivuta pumzi. "Mimi sikuibiwa, Mama Shukuru. Niliibeba mwenyewe. Nilitembea nayo kutwa nzima."

Shukuru, aliyekuwa ameshuka mgongoni, alitembea kwa kuyumba mpaka kigodani, akavuta kandambili moja mapajani pa mzee, akaanza kuing'ata. Hakuna aliyemzuia.

"Mwaka huu mmelima wapi?" mzee aliuliza baadaye.

"Kule chini. Maji yamebeba yote. Ndiyo namsubiri Peniel alete chochote."

Nathanaeli alinyanyuka. Alitoka nje, Asnath akamfuata, mpaka kwenye mlango wa zizi. Ile miti mipya aliyokata ilikuwa bado myeupe. Mvua ilikuwa imelainisha samadi ya ndani, nyeusi, nzito, imefika magotini, na juu yake hapakuwa na alama ya kwato hata moja. Aliondoa magogo ya mlangoni moja baada ya jingine, akayalaza kando. Hakuingia.

"Humu kuna samadi ya miaka thelathini na mitano," alisema. "Mahindi yatashika haraka. Mvua bado iko."

"Babu, hapana. Zizi halilimwi."

"Linalimwa likiwa limekwisha." Aliugeuza uso upande wa barabara ambako gari lilipotelea. "Kesho asubuhi uje na jembe lako, mwanangu. Ulime humu, upande mahindi ya mtoto. Lakini uje mapema, nami nitakwenda kisimani, nikae huko kidogo. Nakuomba usianze kabla sijaondoka."